Toa Kumbukumbu Moja Moja

Nyumbani, 4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na upepo wa huko mlimani haujakupeperusha. Sisi hatujambo. Baba hajambo pia, ila sasa akisoma kadi za kuchapa hapa dukani anaiweka karibu na pua mpaka wateja wanadhani anainusa. Wiki iliyopita alichapa "mnakaribishwa kwenye aruse" kadi mia na hamsini, na bwana harusi akatuuliza kama harusi yake ni ya bei nafuu ndiyo maana tumepunguza herufi. Baba hakucheka. Kazi zote za kompyuta nimezishika mimi. Asubuhi nakaa hapo kwenye kiti chako, jioni nanyanyuka, na katikati sijui nini kimepita barabarani.

Nimepata barua ya kukubaliwa ile shule ya bweni. Kuripoti ni mwisho wa Julai. Nimemwambia baba nitafikiria, naye akasema, "Haya." Ndivyo tulivyozungumza.

Sasa shida yenyewe. Kompyuta imekuwa na ugonjwa. Inafanya kazi vizuri, halafu ghafla skrini nzima inakuwa ya buluu, kinatokea kiuso kilichonuna, na maandishi meupe ya Kiingereza yanayosema kompyuta imepatwa na tatizo na inabidi ianze upya. Inajihesabu mpaka mia, inazima, inawaka. Kama ulikuwa hujahifadhi kazi, imekwenda. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa wiki, sasa ni mara nne kwa siku. Chini kabisa inaandika jina la kosa. Nimelitafsiri: usimamizi wa kumbukumbu.

Baba anaogopa isije ikafa na lile folda la mama humo ndani. Wewe hujaliona. Mama alilitengeneza mwenyewe wiki zake za mwisho, alikuwa anafunga mlango na kuzungumza na kompyuta. Aliliita "Kumbukumbu". Zimo sauti kumi na moja. Tangu azikwe, miezi minane sasa, hakuna aliyezifungua. Si baba, si mimi. Zipo tu.

Nisaidie. Baba anasema niite fundi wa mjini, lakini mimi kuongea na mafundi unanijua, nitasimama mlangoni kwake mpaka afunge.

Mdogo wako,
Kipanya


Kituoni, 21 Februari

Kipanya,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenifikia na lori la pili, dereva aliifunika kwa mfuko wa unga kwa hiyo inanukia chapati. Huku niko mzima. Mimi na mwenzangu tunapima mvua saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, tunasoma namba kwenye redio, basi. Mtandao wa simu haufiki huku, na redio hii ni ya mvua na upepo tu. Mwenzangu aliwahi kumsalimia mkewe akakatwa mshahara. Chumba changu kina hatua sita kwa nne. Nimezihesabu sana.

Nimefurahi umepata shule. Baba sina la kumwambia. Msalimie ukiona inafaa.

Kuhusu mashine. Jina la kosa limekwisha kutueleza kila kitu, wala usiite fundi akulie hela. Kasoro iko kwenye kumbukumbu. Shuleni kwenu mlifundishwa kwa Kiingereza na mwaka juzi ulinicheka eti fundi mzima nachanganya lugha kama kachumbari, kwa hiyo nakuandikia Kiswahili kitupu, usije ukanicheka tena.

Fanya hivi. Toa kumbukumbu moja, kisha washa ufanye kazi siku nzima utazame. Ikizima tena, toa nyingine. Moja moja, usiwe na haraka, mpaka uipate yenye kasoro. Ukishaipata itupe, haina faida tena, itaendelea kukuangushia mashine. Na usisahau nilivyokufundisha: kazi ya nusu nusu ndiyo inayoua kompyuta.

Jikaze. Ni kazi ya mtoto.

Kaka yako


Nyumbani, 16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Tumechapa kazi nyingi za shule, mitihani ya madarasa manne, na baba amenunua miwani kwa mchuuzi, inamfaa jicho moja.

Nimefanya ulivyosema. Moja kila siku. Nimezitoa zote.

Bado inazima.

Kipanya


Kituoni, 2 Aprili

Kipanya wewe,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza kuna nini. Umezitoa zote? Zote zipi? Ukizitoa zote mashine haiwaki hata kidogo, inalia pii pii pii kama mtoto aliyenyang'anywa kitu! Umetoa nini, skrubu?

Nisikilize. Zima, chomoa waya ukutani, laza sanduku ubavu, fungua mfuniko. Utaona vibao viwili vyembamba, virefu kama kalamu, vimesimama wima kwenye mifereji, kila kimoja kimebanwa na vishikizo viwili pembeni. Hizo ndizo kumbukumbu. Ramu! Ziko mbili tu. Bonyeza vishikizo, chomoa, uchukue kifutio cha penseli uyasugue yale meno ya rangi ya dhahabu mpaka yang'ae, upulize vumbi, urudishe kwa nguvu mpaka usikie "ka!" pande zote mbili. Pale kwetu karatasi zinamwaga vumbi kama kinu, meno yatakuwa yamevaa koti. Nadhani hutahitaji kutupa hata moja.

Sasa na mimi nina ombi, nimelizungusha kichwani tangu mwezi wa pili. Baba alipoandika ile barua ya msiba, iliyonifikia wiki tatu baada ya mazishi, mstari wa mwisho aliandika: "Mama yako amekuachia maneno kwenye kompyuta." Sikutaka kuyasikia. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Mtu anaugua miezi miwili, lori linapanda kila wiki mbili, na baba hakuona haja ya kumpa dereva hata karatasi ya kuniita. Alikuwa ananiadhibu kwa sababu nilikataa kukaa naye kwenye duka la chapa. Mimi nadhani hivyo, na siwezi kurudi kukaa meza moja naye.

Lakini maneno ya mama nayataka sasa. Mashine ikipona nakili sauti yangu kwenye flashi. Dereva anayo, nimemwomba akupe. Usiisikilize, ni yangu.

Kaka yako


Nyumbani, 20 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na poleni na mvua, dereva anasema barabara ya huko imekatika sehemu mbili. Sisi wazima. Paka wa jirani amezaa ndani ya boksi letu la bahasha na baba amekataza wasiondolewe, anasema wamekuja wenyewe kutafuta kazi.

Flashi nimeipokea. Nimesugua ramu kama ulivyosema. Lakini kompyuta imezidi. Sasa inazima kila dakika kumi, siwezi hata kufungua folda. Kosa nalo limebadilika, linaandika "mfumo umechoka". Nadhani itachukua muda mrefu. Huenda tatizo ni jingine kabisa. Wewe niambie nijaribu nini, nitajaribu chochote, hata kama ni cha miezi.

Kipanya


Kituoni, 9 Mei

Kipanya,

Marahaba. Miaka tisa nimefungua kompyuta za watu na sijaona hata moja iliyoandika kwamba imechoka. Kompyuta haichoki, mdogo wangu. Watu ndio huchoka.

Na jambo la pili. Dereva binti yake anaolewa. Jana kanipa kadi ya mwaliko, nzuri kweli, maua pembeni, rangi haijavuja hata nukta. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akanitazama kama mjinga. "Kwenu! Mdogo wako kanichapia kadi mia mbili siku moja, na mazungumzo yote tuliyofanya ni 'ndiyo' na 'kesho'."

Kompyuta inayozima kila dakika kumi haichapi kadi mia mbili kwa siku.

Sikuulizi kwa ukali. Unaficha nini? Baba amekukataza kunitumia? Sema tu, siyo kosa lako.

Kaka


Nyumbani, 28 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tano. Kila nikifika baada ya salamu nasimama, kama nilivyokuwa nasimama darasani nikiulizwa swali na jibu ninalijua.

Baba hajanikataza kitu. Kompyuta imepona. Ilipona siku ileile niliyosugua ramu, kwa kifutio, dakika ishirini, na haijazima tena hata mara moja. Nimekudanganya.

Ulisema toa kumbukumbu moja moja. Skrini nayo ilisema kasoro iko kwenye kumbukumbu. Na mimi humu ndani ninajua kitu kimoja tu chenye jina hilo. Shuleni tuliita ramu, herufi tatu, tukakariri, tukafaulu, hakuna aliyetuambia kwamba maana yake ni kumbukumbu. Ungeandika ramu tu, Kaka. Sikulaumu. Nasema tu ungeandika ramu.

Nilifungua folda la mama. Nikaona kumi na moja, nikasema kumbe ndiyo maana kaka kasema usiwe na haraka. Niliona ni vibaya kumtupa mtu bila kumsikiliza, kwa hiyo kila siku niliisikiliza moja, mara mbili, mlango umefungwa, halafu nikaifuta, halafu nikamwaga na kapu la taka la humo kwenye kompyuta, maana ulinifundisha kazi ya nusu nusu ndiyo inayoua kompyuta. Kisha nafanya kazi mpaka jioni nikitazama kama itazima. Ikizima, nasema basi, si ile, mama yangu hakuwa na kosa katika ile. Kesho nyingine.

Nilifikiria kuzihamisha. Lakini zingehamia wapi, flashi sikuwa nayo, na ukizihamisha humohumo ndani si bado zimo? Ulisema itupe. Siku ya tatu haikuzima kabisa, nikakaa nikilia kwa sababu niliona nimeipata, na ilikuwa ile anayonifundisha mimi kumnyoa baba ndevu. Siku ya nne ikazima mara sita.

Nilipofuta ya kumi na moja, saa nane mchana ikazima vilevile. Nikaangalia kile kiuso kilichonuna na nikajua kwamba nimefanya kitu kibaya, ila sikujua ni kipi, mpaka barua yako ya vibao viwili ilipokuja. Uliandika umecheka.

Halafu ukaomba sauti yako. Kama kompyuta imepona, natakiwa nikutumie. Kama haijapona, sitakiwi. Kwa hiyo nikaifanya isipone. Siku hizi mteja akiuliza mashine iko vipi naona kama ataandika barua kwako. Natoka kwenye kiti nakwenda jikoni, natoka jikoni narudi kwenye kiti. Baba anajua kwamba kompyuta imepona na anafurahi. Hajui kwamba folda ni tupu. Nikimtazama anavyopita karibu na ile meza anaigusa pembeni kidogo, kama mtu anavyogusa mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Na yako niliisikiliza. Ilikuwa ya saba. Mwanzoni kabisa mama alisema ni yako peke yako, na mimi sikuizima.

Nisamehe au usinisamehe, lakini nijibu.

Kipanya


Kituoni, 14 Juni

Kipanya,

Izime. Ukimaliza kusoma mstari huu nenda uizime, chomoa waya, na usiiwashe tena kwa kazi yoyote, hata awe nani anaoa. Kitu kilichofutwa hakiondoki siku hiyo. Mashine inafuta jina tu, sauti yenyewe inabaki mahali pake mpaka kazi nyingine ije iandikwe juu yake. Ungeniambia mwezi wa tatu ningekuelekeza, na huenda zote kumi na moja tungezipata. Umefanya kazi juu yake miezi mitatu. Kila kadi uliyochapa ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

Naandika hivi kisha naona nimeandika kwa mtoto wa miaka kumi na sita. Siifuti, karatasi huku ni chache. Lakini usiisome mara mbili.

Mimi ndiye niliyeandika "itupe". Mimi ndiye niliyetaka kuonyesha Kiswahili changu. Na mimi ndiye niliyekaa na mstari wa mwisho wa barua ya baba miezi minane bila kuomba. Ningeomba mwezi wa kwanza ungekuwa umeshanitumia. Lawama tugawane.

Sijui kama kuna kitakachopatikana. Ikipatikana moja au mbili tushukuru. Inahitaji mtu akae nayo, si kwa barua, na mimi nilisema siji. Neno hilo nimekwisha kulisema, na tangu barua yako ije nazunguka hiki chumba nikilifikiria.

Niandikie sauti yangu ilisema nini. Yote, hata kama ni mbaya. Kama alilia, andika alilia. Nimejiandaa.

Kaka


Nyumbani, 2 Julai

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nimeizima siku ileile. Baba aliniuliza kwa nini, nikamwambia ukweli wote, nimesimama, sikukaa. Alikuwa kwenye mashine ya kukata karatasi. Aliendelea kukata mpaka rimu ikaisha, kisha akaniuliza, "Ya mkubwa uliisikia?" Nikasema nimeisikia. Akasema, "Basi mwandikie. Mimi nilikula kiapo, wewe hukula."

Najua hutakuwa na sababu ya kuniamini. Nimekwisha kukuandikia kwamba kompyuta imechoka. Ningeweza kukuandikia lolote hapa na usingekuwa na pa kulinganishia, na hicho ndicho kilichonifanya nikae siku nne na kalamu. Lakini niliisikiliza mara mbili na ninaikumbuka. Ilikuwa ya dakika tatu, karibu moja ni kukohoa na kutafuta miwani. Hakulia, na alikuita kwa lile jina lake la utani. Ilikuwa hivi:

"Hii inarekodi? Mbona haionyeshi kitu. Haya. Bwana Waya. Hii ni ya Bwana Waya peke yake, mwingine yeyote aondoke hapo. Mwanangu, hujambo. Mimi nimekwisha kuwa mwepesi, baba yako ananibeba kwa mkono mmoja, anajisifu. Najua utakasirika kwamba hukuitwa. Siku ile daktari aliposema, baba yako alivaa viatu aende kwa dereva wa lori. Nikamwambia avue. Akakataa, tukagombana, nikamwapisha. Nikamwambia ukija utaacha kazi, utakaa hapa unigeuze ubavu huu na ubavu huu, na nikishaondoka utabaki kwenye kile kiti kwa sababu utaona aibu kuondoka. Wewe hukuzaliwa kuchapa kadi. Kwa hiyo ni mimi. Ninunie mimi. Baba yako usimnunie, yeye hata kudanganya hajui, atakaa kimya tu, na wewe utadhani kimya ni hasira. Huyu ndivyo alivyo, nimeishi naye. Haya. Sasa sijui inazimwaje."

Halafu kuna kelele ya kiti, na anaita, "Kipanya! Njoo unizimie hiki kitu!" Nakumbuka siku hiyo. Niliingia nikaizima, akaniambia nisiguse kitu kingine.

Kaka, jambo hili nilikuwa nalo tangu mwezi wa tatu. Wewe kila barua unaandika baba huna la kumwambia, na mimi ninajua, na baba yuko hapo mezani anaweka kadi puani, na sikuweza kulisema bila kusema nimelijuaje. Hicho ndicho kibaya kuliko kufuta. Kufuta sikujua.

Baba aliniomba nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Nimemsomea. Ameuliza lori la kushuka ni siku gani, nikamwambia Alhamisi ya pili na ya nne. Akasema, "Hilo la nne ni mbali," akaenda kuwalisha paka.

Nimeruka sentensi moja ya mama. Baba pia nimemrukia. Iko pale katikati, baada ya "hukuzaliwa kuchapa kadi". Sikuisahau. Niliiruka kwa sababu nimekuwa mwongo miezi mitatu, na hii ukiisoma utaona kama nimeitunga kwa faida yangu. Lakini uliniambia niandike yote. Alisema:

"Na mdogo wako naye usiniachie humu ndani. Huyu hataomba. Mtoe."

Kuripoti shuleni ni tarehe ishirini na tisa.

Kipanya